Wenye Kubomoa Mitaa Waje Kwanza Kua

Wapo maofisa wengi wa Serikali waliopata kufika Mafia kwa kazi, wakatembezwa Kilindoni na Utende, wakavushwa hata Chole, kisha wakarudi bara pasipo kukanyaga Juani. Twawasikitikia, maana wamekosa kuona kitu ambacho Dar es Salaam, kwa ukubwa wake wote, haina. Juani inao mji mzima usio na mtu. Mji huo ni Kua, upande wa magharibi wa kisiwa, nyuma ya mikoko. Ipo misikiti yake, yapo makaburi yake, lipo jumba kubwa la ghorofa lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zipo nyumba nyingine ambazo hata leo mtu aweza kupambanua ukumbi ulikuwa wapi na choo kilikuwa wapi. Miti imeota mahali watu walipokuwa wakilala. Mtu akitaka kujua mji hubakiwa na nini watu wake wakiondoka, hana haja ya kusafiri mbali wala kununua kitabu. Na asubiri maji yajae, apande mashua, aende akajionee.

Tumeanza na Kua kwa sababu mazungumzo tunayotaka kuyaleta leo ni ya miji iliyo hai, na jinsi inavyobomolewa ili ijengwe mingine juu yake. Katika ofisi za mipango jambo hili huitwa uendelezaji upya. Ni jina zuri, na huenda waliolibuni walikuwa na nia njema. Lakini kwa mtu akaaye katika mtaa unaohusika, maana yake ni kwamba siku moja atapita kijana mwenye kopo la rangi nyekundu, atachora alama ya X ukutani, na tangu siku hiyo nyumba haitaitwa tena kwa jina la mwenyewe, bali itakuwa namba katika daftari la mthamini.

Sisi tunaoandika haya ni wazaliwa wa Juani, nasi tumekaa Kariakoo miaka mingi, kama walivyokaa na wanavyokaa ndugu zetu wengi wa Mafia waliokwenda mjini kutafuta riziki. Tunasema basi kama wakazi wa katikati ya jiji, lakini wakazi waliozoea kuona magofu tangu utotoni. Pengine ndiyo sababu hofu yetu si sawa na hofu ya mtu mwingine. Tukiiona barabara nzima imebomolewa, mwenzetu wa bara huuliza ghorofa zitakazojengwa zitakuwa ngapi. Sisi huuliza wale watu wamekwenda wapi.

Kua haikufa kwa uzee. Mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1829, Wasakalava kutoka Bukini, yaani Madagaska, walikuja kwa mitumbwi mingi, wakaushambulia mji, wakaua, wakachukua mateka na kuwafanya watumwa. Walionusurika hawakurudi kuujenga. Chole, kisiwa kilicho jirani kabisa, ndicho kilichokuwa mji baada ya hapo, na Waarabu wa Unguja wakawa na mtawala wao hapo, kisha Wajerumani nao wakaweka boma lao. Hata mwaka 1913 Wajerumani wakaona kwamba Kilindoni yafaa zaidi kwa meli zao, wakayahamisha makao ya utawala. Leo mtu akienda Chole ataona kuta za majengo ya enzi ile zimekumbatiwa na mizizi ya miti kama mtu aliyeshikwa asiondoke. Na kabla ya yote hayo palikuwapo Kisimani, kule Ras Kisimani, mji wa kale ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari.

Basi katika visiwa vyetu hivi vidogo mji umehama mara kwa mara, na kila mara kwa sababu yake. Bahari ilikula Kisimani. Upanga uliteketeza Kua. Ama Chole, hakuna aliyeipiga wala bahari haikuigusa. Ilivuliwa umji wake kwa kalamu, na mtu aliyeketi kitini. Twaomba wakuu wetu waitazame sababu hiyo ya tatu kwa makini, maana ndiyo pekee katika hizo tatu ambayo ingali mikononi mwao.

Sasa tuje Kariakoo.

Jina lenyewe ni la vita. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916 waliwaweka hapo wapagazi wa jeshi lao, wale wa Carrier Corps, na ulimi wa Waswahili ukalilainisha jina likawa Kariakoo. Viwanja vilikuwa vimekwisha kupimwa kwa mistari iliyonyooka, na juu ya viwanja hivyo watu wakajenga nyumba ambayo sote twaijua, ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba kulia na kushoto, na nyuma yake uani, ambako kuna jiko, choo, kamba ya kuanikia nguo, na pengine mpapai mmoja. Mbele ya mlango kuna baraza. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki hupangisha. Hivyo chini ya paa moja la bati hukaa Mzaramo, Mndengereko, Mnyamwezi na mtu wa Mafia, na kila mmoja na mke wake na watoto wake, wakigawana bomba moja na uani mmoja.

Wataalamu wakiitazama nyumba hiyo huona msongamano. Hawakosei. Vyoo ni vichache, joto ni kali, na mvua za masika hupata njia ya kuingia. Lakini wakimaliza kuhesabu upungufu wake wangefanya vema kuhesabu na kazi zake, maana nyumba ile inafanya kazi nyingi ambazo hazimo katika ramani. Baraza ni mahakama ndogo, ni ofisi ya ajira, ni shule ya watoto wasiokuwa na mtu nyumbani mchana, na ni zamu ya ulinzi isiyolipwa mshahara. Uani ni benki, kwa maana ya mchezo wa akina mama wa kuchangiana na kupokezana, na ni zahanati ya kwanza kabla ya zahanati. Kijana aliyeshuka bandarini kutoka Mafia, hana kitu mkononi ila kapu la samaki wakavu na jina la mtaa, aliuliza kwenye baraza moja akaelekezwa jingine, na kabla ya magharibi alikuwa amekwisha kupata mkeka wa kulalia. Hakuna afisa wa ustawi wa jamii aliyeweza kumfanyia vile kwa haraka ile.

Tena ukitokea msiba ndipo mtu hujua thamani ya mtaa. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana havikuanzishwa na wafadhili. Vilianzishwa na watu waliokaa karibu kiasi cha kusikia kilio cha jirani. Mmoja huenda kuleta jeneza, mwingine sufuria kubwa, mwingine hupeleka habari kwa nahodha wa jahazi ili ujumbe ufike kisiwani. Mambo hayo yote yanategemea umbali wa hatua thelathini. Mtawanye watu hao, mmoja Mbagala, mmoja Kimara, mmoja Chanika, na chama kitabaki na daftari na mhuri, lakini maiti atazikwa na wachache.

Wala mtu asidhani kwamba mambo ya barazani ni mambo madogo yasiyohusu Taifa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa uliokuwa ukiitwa New Street, na ambao sasa ni Lumumba, hapo hapo Kariakoo. Na Bibi Titi Mohamed alipotumwa mwaka 1955 kuwaingiza wanawake katika chama, hakuanza kwa kupeleka barua maofisini. Aliwaendea akina mama katika vikundi vyao vya ngoma na lelemama, vikundi vilivyokuwa vimekwisha kujengeka mtaa kwa mtaa, mwenye kiongozi wake na mwenye sare zake. Uani ndiko walikopatikana. Tungali twajiuliza kazi ile ingefanywaje kama wanawake wale wangekuwa wametawanywa katika pembe nne za jiji, kila mmoja nyuma ya mlango wake wa chuma.

Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na zaidi katika miaka ya 1990 na baada ya hapo, Kariakoo imebadilika sura. Nyumba za Kiswahili zimeondoka moja baada ya moja na mahali pake zimesimama ghorofa za maduka. Njia yake yajulikana. Mwenye nyumba ana kiwanja lakini hana fedha. Mfanyabiashara ana fedha lakini hana kiwanja. Dalali anawajua wote wawili. Wakikubaliana, nyumba huvunjwa, na jengo likiisha mwenye kiwanja hupewa fremu kadhaa chini au vyumba kadhaa juu. Wako waliofaidika, na tunawapongeza kwa moyo mweupe, kwani si jambo dogo mjane aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vitano kuamka mmiliki wa fremu katika barabara ambayo kilemba chake peke yake chaweza kumjengea nyumba nyingine. Wako pia walioweka kidole gumba katika karatasi wasiyoweza kuisoma. Lakini hata pale mapatano yalipokuwa ya haki tupu, yalikuwa ya watu wawili, ilhali ndani ya nyumba walikuwamo watu ishirini. Wapangaji hawakuwa na kalamu katika jambo hilo. Walipewa notisi.

Matokeo yake twayaona kila siku. Mchana Kariakoo haina nafasi ya kupitisha mguu, wateja wametoka Lubumbashi, wametoka Lusaka, wametoka Moroni. Usiku ukiingia, katika ghorofa nyingi anabaki mlinzi na redio yake. Sehemu kubwa ya kilichokuwa kitongoji cha watu imekuwa ghala.

Hatusemi kwamba ghorofa ni haramu. Mtu wa Juani hawezi kuishangaa ghorofa; wazee wa Kua walipanda ngazi za mawe nyumbani mwao kabla mji wa Dar es Salaam haujawaziwa. Wala hatuwataki ndugu zetu wakae daima chini ya bati linalovuja ili watalii na washairi wapate cha kusifia. Tunachosema ni kwamba jengo lazima liwe na watu wanaolihesabu kuwa lao. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa iliyokuwa ikijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, iliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine, hapo hapo Kariakoo, liliwaangukia wafanyabiashara na wateja, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Uchunguzi wa nondo na saruji una wataalamu wake, nasi hatuingii humo. Lakini sisi tuliokaa mitaa ile twajua kwamba zamani jirani akichimba karibu na ukuta wako, ugomvi ulianza siku ile ile, na kabla ya adhuhuri balozi wa nyumba kumi alikuwa amekwisha kuitwa. Mahali pasipo na wakazi, ni nani atakayepiga kelele?

Serikali yetu haikuanza jambo hili jana, na historia yake ina mafunzo ambayo twaogopa yamesahauliwa katika makabati. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba duni za mijini na kujenga za saruji mahali pake. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini kila nyumba mpya ilikula nyumba iliyokuwapo, na baada ya gharama kubwa ikaonekana kwamba wingi wa nyumba mpya umeziba tu pengo la zile zilizovunjwa, huku wahitaji wakizidi kumiminika kutoka mashamba. Kufikia mwaka 1972 mwelekeo ukageuzwa. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vikapimwa viwanja vyenye huduma Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikatengenezwa pale pale ilipo.

Tutue kidogo hapo Manzese. Manzese ilikuwa imejengwa na watu wenyewe bila ramani, na kwa mizani ya wabomoaji ilistahili kufyekwa yote. Haikufyekwa. Zilipitishwa barabara, yakaletwa maji na taa, zikajengwa shule na zahanati, na nyumba chache tu zilizokuwa katika njia ndizo zilizoondolewa. Manzese si pepo, na mvua kubwa huwakumbusha wakazi wake jambo hilo. Lakini watu walibaki, na kwa kuwa walibaki waliendelea kujenga kwa fedha zao wenyewe, tofali kwa tofali, jambo ambalo hakuna mkopo wa nje ungeweza kuligharimia. Kama kuna ofisi inayotaka mfano wa Kitanzania wa kuendeleza mji pasipo kuua mtaa, isiende Ulaya.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi, nao una pande mbili. Magomeni Kota, zile nyumba za tangu wakati wa Mwingereza, zilivunjwa mwanzoni mwa muongo wa 2010, na wakazi wake wakaambiwa wakae pembeni hadi zijengwe mpya. Wakakaa. Miaka ikapita, kiwanja kikaota majani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliamua wajengewe, na mwezi Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akayazindua majengo, kaya 644 zikapata kurudi. Jambo hili ni kubwa. Serikali ilikuwa na orodha ya majina, ikaitunza orodha ile katika awamu tatu za uongozi, na mwisho ikaifuata. Laiti kila mtaa ungekuwa na orodha yake! Lakini tuhesabu na upande wa pili. Mtoto aliyeondoka Magomeni akiwa darasa la kwanza alirudi mtu mzima. Wazee waliofariki katika vyumba vya kupanga hawakurudi. Na waliorudi walipangiwa ghorofa na namba za milango mipya, hivi kwamba waliokuwa wakiitana kwa dirishani sasa wanatafutana. Orodha ya majina ilikuwapo, na orodha ya ujirani ingefaa kuwekwa pembeni yake.

Kule Unguja, majengo marefu ya Michenzani yanatuonyesha jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Yalianzishwa na Serikali ya Mapinduzi, katika enzi ya Mzee Abeid Amani Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, na nyumba nyingi za Ng'ambo zilivunjwa ili kuyapisha. Nia yake ilikuwa kumpa mnyonge nyumba ya heshima, na mnyonge alipewa. Tabu ilikuwa maji kupanda juu, na tabu nyingine ilikuwa kwamba mchoraji hakuchora baraza. Basi wakazi walifanya nini? Walishuka. Walikwenda chini ya majengo wakaweka viti, wakaweka meza za bao na karata, wakaweka majiko ya kuuza mihogo na urojo, na baraza ikawapo palipokuwa hapana. Hatujui ushahidi bora kuliko huo wa kitu ambacho watu wa pwani hukihitaji katika mji. Wakinyimwa katika ramani, watakitafuta kando ya barabara, na huko huenda wakafukuzwa na askari wa manispaa.

Msomaji wa Juani, au wa Jibondo, au wa Bweni, huenda akasema kwamba haya yote ni mambo ya mabondeni huko mjini, na kwamba sisi tumekaa Kariakoo mpaka tumesahau kwamba nyumbani shida ni maji, boti na zahanati. Ndugu yetu, hatujasahau. Lakini Kilindoni inakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika wilaya nzima ya Mafia, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 66,000. Uwanja wa ndege umetiwa lami, kivuko kinakwenda na kurudi Nyamisati, na wenye fedha wamekwisha kuiona barabara ile inayotoka bandarini kwenda sokoni. Kilindoni ya leo bado ina mabaraza; mtu wa Juani akienda hospitali ya wilaya au mahakamani, ana nyumba ya kufikia, ana mahali pa kuacha mzigo, ana mtu wa kumwambia kwamba afisa amesafiri arudi Jumatatu. Mambo hayo ndiyo yatakayoondoka ya kwanza, kimya kimya, siku itakapoonekana kwamba viwanja vile ni ghali mno kukaliwa na watu wa kawaida.

Sheria zipo, na hatutaki kuzidharau. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini huhesabu kiwanja, nyumba, minazi, posho ya usumbufu, gharama za kuhama. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi wapate kusema. Lakini mthamini humtafuta mmiliki. Mpangaji wa chumba kimoja, mama lishe aliyeko barazani kwa hisani ya mwenye nyumba, fundi cherehani chini ya upenu, hawa aghalabu hawaonekani, na mtaa kwa kweli ni hawa. Ombi letu kwa Halmashauri ya Mafia ni kwamba kabla ya mchoro wowote wa kuijenga upya Kilindoni haujapelekwa mkoani, iandikwe kwanza orodha ya wote wanaolala na wanaochuma katika kila nyumba, mwenye hati na asiye na hati. Na kwamba anayeondolewa apewe karatasi yenye tarehe ya kurudi na jina la jirani atakayerudi naye. Karatasi hiyo itolewe kabla ya rangi nyekundu.

Iko habari pia ya Juani yenyewe. Kua inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na bahari inayotuzunguka, tangu mwaka 1995, imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Tunaukubali ulinzi huo. Lakini tazama jinsi mambo yalivyo: matumbawe na chokaa vilivyojenga Kua havichukuliwi tena baharini, na ndivyo ipasavyo, kwa hiyo mtu wa Juani anayetaka ukuta imara huagiza saruji, ikaja kwa jahazi hadi Kilindoni, ikapanda gari hadi Utende, ikashuka tena kwenye mashua, na kila mkono ulioishika mfuko umeongeza bei. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kuta za Kua zilikuwapo asubuhi yake. Si kila nyumba ya udongo na makuti ingeweza kujivunia hivyo. Ikiwa siku moja fedha zitapatikana za kuyatengeneza magofu kwa ajili ya wageni, na tunatumaini zitapatikana, basi kijiji cha watu walio hai, mwendo mfupi kutoka hapo, kiwe ndani ya mpango ule ule na katika bajeti ile ile. Na wale wanaokwenda Kua kuomba dua kwenye makaburi wasiwekewe uzio na kudaiwa tiketi kama wageni.

Juu ya mikutano tuna neno moja la kiutendaji. Ghuba ya Chole hukauka sana maji yakipwa, hasa siku za bamvua, na mashua za Juani hulala mchangani zikingoja. Mkutano ulioitwa Kilindoni saa mbili asubuhi katika siku kama hiyo utakuwa na mahudhurio mazuri ya watumishi, na katika muhtasari itaandikwa kwamba wananchi wa Juani walialikwa lakini hawakutokea. Afisa anayetaka kusikia maneno yao na aazime ratiba ya maji kwa nahodha yeyote pale Utende, achague siku ambayo maji yanajaa asubuhi, na ikiwezekana avuke yeye mwenyewe.